Siku maji yalipotuacha Ruvu

Mwanangu wa pili amerudi shule na karatasi ya kupaka rangi. Kiboko amesimama juu ya majani, macho makubwa, mdomo wazi, meno mawili ya mraba. Amempaka zambarau mwili mzima, na ulimi akaupaka nyekundu. Alipomaliza akaniletea jikoni na kuniuliza, "Mama, huyu anacheka nini?"

Nikamwambia hacheki.

"Sasa mbona kafungua mdomo?"

Nilikuwa nachagua mchele, nikaweka ungo pembeni. Yeye nilimjibu kwa kifupi, maana bado mdogo. Ninyi nawapa yote.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imeshika, asubuhi zina baridi ya kutafuta khanga ya pili. Wifi yangu, mnamjua hatulii, ndiye aliyekuja na habari kwamba kuna mzee anawapeleka watu Ruvu kwa mtumbwi. Si boti ya mashine. Mtumbwi wa kuchonga, wa gogo la mwembe, kwa kasia na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Anawaonyesha viboko na ndege, na mkifika mikokoni anawafundisha kuokota chaza na kuchuma mboga, mnapika hukohuko. Mume wangu akauliza tangu lini sisi watu wa Bagamoyo tunalipa kwenda kuuona mto wetu wenyewe. Nikamuuliza yeye mara ya mwisho kauona lini. Hakunijibu, akatoa nauli.

Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaijua Ruvu kwa daraja la barabara ya Msata, tukiwa ndani ya gari, dakika moja imepita. Maji yale yanatoka milima ya Uluguru, yanateremka mpaka kwetu, na njiani Dar es Salaam inachota yake, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Yanayobaki ndiyo yanayokutana na bahari kaskazini ya mji. Wageni wa zamani wakiuita Kingani, na Stanley aliuvuka mwaka 1871 alipokuwa anakwenda bara kumtafuta Livingstone. Misafara mingapi imeuvuka kabla yake, ya pembe na ya watu, Mungu ndiye anayejua. Na mimi niliyezaliwa hapa sikuwa nimetia mguu ndani yake.

Mzee tulimkuta ukingoni, amevaa kofia ya mkono iliyofifia, anatoa maji ya ndani ya mtumbwi kwa kopo. Tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mnajua kuogelea?"

Wifi akasema anajua sana.

"Hapa usiogelee. Ukianguka shika mtumbwi, mimi nitakushika wewe."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, pamoja na kutosimama, kutotumbukiza mkono majini na kutopiga kelele tukiona kitu. Mpwa wake alikaa omo, mbele, na kasia, sisi wawili katikati, mzee akasimama shetri, nyuma, na pondo. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na yeye alitaka hivyo hivyo, tushuke nayo mpaka karibu na bahari, kisha yakianza kujaa yaturudishe. Kazi ya mikono, alisema, ni kuelekeza tu. Anayebeba mzigo ni maji.

Sehemu ya mwanzo naipita haraka ingawa ilikuwa nzuri. Matete pande zote mbili, halafu mikindu, ile wanayokata ukindu wa mikeka. Furukombe alikaa juu ya mti mkavu akalia huku ametupa kichwa nyuma. Midiria, yangeyange, na chini kwenye tope sululu na midomo yao iliyopinda. Mzee akatuambia wale ni vijana, hawajafikia umri wa kuzaa, wakubwa wao wamekwenda kuzaa kaskazini ya dunia na watarudi kabla ya vuli. Nilimpenda kwa namna alivyolisema, akiwajua ndege kwa hali zao kama mtu anavyowajua watoto wa mtaani kwake.

Kila tulipokaribia kona aligonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, mara tatu, polepole. Wifi akauliza anamgongea nani. "Wenyewe. Kiboko akisikia, anainua kichwa, namjua yuko wapi. Kiboko ninayemwona hanisumbui."

Tulipita mamba amelala juu ya mchanga, kinywa wazi, hatingishiki. Wifi alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mzee akasema huyo anatoa joto, mamba hana jasho, anaachama ili apoe. "Mdomo wa mamba ukiwa wazi usikutishe. Mdomo wa kiboko ukiwa wazi, huyo anasema na wewe."

Nilidhani ni maneno ya kuwapendeza wageni.

Mto ulipoanza kunuka chumvi uligawanyika, na mzee akatuingiza katika mkono mwembamba, kisiwa cha tope kulia, mikoko kushoto. Hapo tulikuwa tumeshaacha matete. Mbele ilikuwa mililana na mikoko yenyewe, ile yenye mizizi inayoshuka kutoka juu ikajikita kwenye tope, na katikati ya mizizi kaa wekundu wanakimbizana. Mzee akagonga, moja, mbili. Ya tatu hakuigonga.

Niliona alichokiona baada yake. Mapovu. Si mengi, mstari wa mapovu unakuja juu ya maji mahali pasipo na upepo, unatuelekea, kisha ukasimama.

"Tulieni wanangu," akasema. Sauti haikupanda wala haikushuka.

Kwanza zilitoka pua. Matundu mawili yalifunguka, yakatoa pumzi kwa kishindo, matone yakaruka juu kuliko kimo cha mtu, na harufu ikatufikia, harufu ya majani yaliyovundikwa. Kisha macho, yamekaa juu ya kichwa, na masikio madogo yanayozungushwa haraka kupukuta maji. Nyuma ya shingo yake kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, nikadhani ni gogo. Kikafumbua jicho. Alikuwa mtoto wake, amelala juu ya mgongo wa mama.

Mpwa akainua kasia. Mzee akasema "Acha," neno hilo moja, na kijana akalilaza juu ya mapaja.

Ndipo kiboko alipofungua mdomo. Nataka kulieleza hili taratibu kwa sababu ndilo swali la mwanangu. Hakuufungua kwa ghafla. Aliuinua juu, pole pole, taya la juu likaenda nyuma mpaka sikuona tena macho yake, na taya la chini likabaki majini, maji yanamwagika pembeni. Ndani palikuwa na rangi ya waridi, safi, laini, yenye mikunjo, na katika upande mmoja wa ulimi kulikuwa na jani la tete limenasa. Nililitazama jani lile. Sijui kwa nini, nilishindwa kutazama meno nikatazama jani. Lakini meno niliyaona hata hivyo: yale ya pembeni, ya chini, yaliyopinda, rangi ya njano iliyokoza, yamesagika ncha yakawa kama patasi. Wataalamu wanasema yanaweza kufika nusu mita, sehemu kubwa ikiwa ndani ya ufizi. Mimi naweza kusema tu kwamba mtumbwi wetu ungeingia kwenye mdomo ule kwa upana wake bila kusukumwa.

Akaufunga. Akaufungua tena.

Hatukuwa mbali. Wifi alikuwa anasema "Yallah, Yallah" chini kwa chini. Nyuma yangu nilimsikia mzee naye anasoma, nikaitambua Ayatul Kursiy, na wakati anasoma mikono yake ilikuwa inafanya kazi nyingine. Alichomeka pondo kwenye tope upande wa kisiwa akausukuma mtumbwi kushoto, hatua kwa hatua, ubavu wetu ukaingia kwenye mizizi ya mikoko. Kisha akaweka pondo chini akaanza kutuvuta kwa mikono, anashika mzizi huu, anauacha, anashika unaofuata, bila kutoa sauti ya maji. Alikuwa anaturudisha upande, si nyuma. Mimi akili yangu yote ilikuwa inapiga kelele turudi nyuma, tukimbie tulikotoka. Yeye alitupeleka kwenye tope ambako mtumbwi ulikwama.

Baadaye alitueleza. Maji yalikuwa yanapwa, na yule mama alikuwa amebaki kwenye kina kidogo na mtoto wake, na kina kirefu kilikuwa nyuma yetu. Sisi ndio tuliokuwa tumeziba mlango. Kiboko hana habari na nyama yako, anakula majani usiku, kilo arobaini hivi kwa usiku mmoja. Lakini ukikaa kati yake na maji marefu, au kati yake na mtoto, hapo huna udugu naye. Na kukimbia kurudi nyuma kungetufanya tukimbilie kulekule anakotaka kwenda yeye. Uzito wake unaweza kupita kilo 1,500, na chini ya maji haogelei, anakimbia juu ya ardhi. Hakuna kasia la kushindana na hilo.

Kwa hiyo tulikaa. Mtumbwi umelala kidogo upande, chaza wanakwaruza mbao, na mfereji mbele yetu uko wazi.

Akazama.

Wakati huu ndio uliokuwa mbaya, si ule wa mdomo. Mdomo ulikuwa unaonekana. Sasa tulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, hakuna mtu anayejua kuna nini chini. Kiboko anaweza kukaa chini dakika tano. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe na ya wifi. Kisha mapovu yakaanza tena, mstari ukatoka pale alipokuwa, ukaja, ukatufikia, ukapita ubavuni mwetu kwa umbali ambao ningenyoosha mkono ningeugusa. Mtumbwi ukainuka. Kidogo sana, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, ukashuka. Mzee alikuwa amefumba macho. Mstari ukaendelea kwenda, na mbali kule nyuma, kwenye maji marefu, zikafunguka pua mbili kubwa na baada yake mbili ndogo.

"Alitaka njia," akasema mzee. "Tumempa."

Wifi akaanza kulia, kisha akacheka, kisha akaomba maji ya kunywa.

Wakati tumepata akili ya kutazama tulipo, maji yalikuwa yametuacha. Mtumbwi uko juu ya tope, mfereji umebaki kijito. Ilikuwa siku za bamvua, maji yakipwa yanapwa kwelikweli, na kusubiri yarudi ni saa nyingi. Mzee wala hakuhuzunika. Alitutazama miguuni, akaona wote tumevaa yeboyebo, akasema vizuri, maana chaza wa hapa wanakata. "Mliniambia mnataka kuokota. Haya, shukeni."

Nikashuka kwenye tope linalofika chini ya goti, mwili bado unatetemeka, na nadhani ndiyo sababu nakumbuka kila kitu cha mchana ule. Mpwa alibaki amesimama juu ya mzizi analinda mto kwa ajili ya mamba. Mzee akatembea mbele, anakanyaga pale tu palipo na mizizi, na sisi tunakanyaga alipokanyaga.

Alitufundisha miti kwanza. Mkandaa, ambao magome yake hutoa rangi nyekundu ya ngozi na nyavu. Mchu, unaotoa pumzi kwa vijiti vinavyosimama kutoka ardhini. Mkomafi wenye tunda la mviringo, zito, ambalo haliliwi, ukilipasua linatoka mbegu zenye pembe zilizopangika, na kuzirudisha zilivyokuwa ni mtihani. Wifi alikaa nazo muda mrefu akashindwa. Mti wowote wa mkoko, akasema, haukatwi bila kibali cha serikali, na hata bila serikali yeye asingekata, kwa sababu chaza anakaa wapi ukikata mzizi?

Chaza alitufundisha hivi. Unamtafuta aliye mkubwa kuliko kidole gumba. Mdogo anaachwa. Hupigi mzizi, unaingiza ncha ya kisu pale ganda lilipobana, karibu na bawaba, unazungusha mkono, si kusukuma. Linatoa mlio mdogo. Ukikosea, kisu kinateleza kinaingia kwenye kiganja. La kwanza lilipofunguka niliona nyama ya kijivu na ukingo mweusi uliokunjwa, inarudi ndani inapoguswa, na maji yake bado ni safi ingawa tope limejaa nje. Akaniminia ndimu aliyokuwa nayo kwenye kofia. Nikala nimesimama kwenye tope. Chumvi, halafu utamu, halafu bati kidogo. Kutoka mzizi mmoja tulichukua wachache tukahamia mwingine, na mzizi mmoja uliojaa aliupita kabisa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huo alichukua mwezi uliopita.

Tuliokota pia tondo, wale konokono warefu wa matopeni, na nje ya mikoko, pale ardhi ya chumvi inapoanza, tukachuma mboga ya pwani, majani manene yanayotambaa chini, ukitafuna yanakatika na kutoa maji ya chumvi. Juu zaidi palikuwa na mkwaju, na makoche yameanguka chini ya mkoche. Mzee alikuwa na sufuria, nazi moja na kibao cha mbuzi ndani ya kikapu, alikuja amejiandaa. Mboga aliichemsha akamwaga maji yake ya kwanza, kisha akaitia tui. Chaza waliobaki aliwapanga juu ya makaa wakafunguka wenyewe. Tondo unamtoa kwa mwiba wa mti, unamzungusha anavyojizungusha.

Katika kula ndipo alipotuambia kwamba mavi ya kiboko ni chakula cha samaki. Kiboko anakula bara usiku, anakuja kunya mtoni mchana, na mto unapata mbolea isiyonunuliwa. Kamba na samaki wanaovuliwa mdomoni mwa Ruvu wana deni kwake. Akalisema hilo akiwa anamenya ukwaju, saa chache tu baada ya kiboko huyo kutuinua. Hakumchukia hata chembe, wala hakumsifu. Mimi bado sijafika hapo. Nikiona mto ule kwenye daraja sasa, moyo wangu unafanya mambo mawili kwa pamoja, na sijui ni lipi kati ya hayo ningependa mwanangu alirithi. Mume wangu anasema nimpeleke kwa boti ya mashine, kelele zake viboko wanazisikia mbali wanajitenga. Inawezekana ni kweli. Lakini boti ya mashine haisimami kwenye mzizi wa chaza, na mtoto atarudi ameona vichwa vitatu kwa mbali na kofia ya abiria wa mbele.

Maji yalirudi jioni. Kwanza yalijaza matundu ya kaa, kisha yakalamba ubao wa mtumbwi, na kisha tukaelea, tukapanda nayo. Mzee aligonga kila kona, mara tatu, na safari hii hakuna mtu aliyeuliza anamgongea nani.

Mimi na wifi hatujawahi kukubaliana kilichotuokoa. Yeye husimulia kwenye kila shughuli kwamba ni kisomo, kwamba mzee aliposoma, mnyama akafumba mdomo akazama, na hakuna atakayemwambia vingine. Mimi nasema nilikisikia kile kisomo na niliona pia mikono inavuta mizizi, na kama mikono isingetuondoa njiani sijui kama tungefika kwenye aamin. Yeye ananijibu ni nani aliyeipa mikono utulivu ule. Hapo huwa nanyamaza, kwa sababu sina jibu, na kwa sababu nilimsikia yule mzee kwa masikio yangu na sauti yake haikutetemeka.

Tulimuuliza mwenyewe wakati wa kumlipa, gizani, ukingoni. Wifi akasema, "Mzee, si ni dua?" Mimi nikasema, "Mzee, si ni kumpisha?" Akazihesabu pesa, akarudisha noti moja akisema tumezidisha, akafunga mtumbwi kwenye mti. Kisha akatuambia kesho maji yatapwa kwa kuchelewa zaidi kuliko leo, kwa hiyo kama tuna ndugu wanaotaka kuona ndege wasije alfajiri sana, watakaa bure ukingoni na baridi.